Shela Tangu Takwa: Maji, Nyumba na Wageni

Kila mwaka kitabu hiki hubeba ripoti za miradi na orodha ya waliochanga. Mara hii kamati imetuomba tuongeze kurasa chache za historia, kwa sababu mambo yanayozungumzwa barazani siku hizi (viwanja, hoteli mpya, bei za nyumba, maji) hayakuanza juzi. Wengi wetu tunaoandika na kusoma hapa tunaishi Mombasa, Nairobi na ng'ambo. Tunapotuma mchango nyumbani ni vizuri tujue tunachangia mji gani, na mji huo umepita wapi.

Wazee wetu walitoka Takwa. Hilo kila mtoto wa Shela analijua kabla hajajua kusoma. Takwa ulikuwa mji wenye ukuta, kisiwani Manda, uliositawi katika karne za 16 na 17, na mwisho wa karne ya 17 ukahamwa. Sababu zinazotajwa ni mbili: ugomvi na Pate, na visima vilivyogeuka maji ya chumvi. Watu walivuka mkondo wakajenga upande wa pili. Hata baada ya kuhama hawakuukata uhusiano. Watu wa Shela wameendelea kuvuka kwenda kuomba mvua penye kaburi la mnara. Basi mtu akituuliza mbona twasumbuka sana na habari ya maji na mchanga, jibu liko Takwa. Sisi tumekwisha kuhama mara moja.

Karne moja na zaidi baadaye Shela iliingia katika vitabu vya historia ya pwani nzima. Kati ya 1812 na 1813 jeshi la Pate, likiungana na Wamazrui wa Mombasa, lilishuka pwani ya Shela likitaka kuitiisha Lamu. Likashindwa vibaya. Mifupa ya waliouawa ilibaki ikionekana mchangani kwa miaka mingi. Lamu, kwa kuogopa kisasi, ikaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, naye akaleta liwali. Ushindi ule ulileta amani na pia bwana mpya, na hayo mawili yote tuliyapata kwa siku moja pale ufuoni ambapo wageni leo wanaota jua.

Amani ikaleta biashara. Nusu ya kwanza ya karne ya 19 ndipo Shela ilipojengwa kwa mawe: kuta za matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, madaka na zidaka. Msikiti wa Ijumaa na mnara wake ni wa 1829. Lazima tuseme pia, kwa kuwa historia ya nusu haina faida, kwamba utajiri ule ulitegemea mashamba yaliyolimwa na watumwa. Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na hali ya utumwa ilipofutwa kisheria katika himaya ya Kiingereza mwaka 1907, mashamba yalikosa mikono na biashara ikahama. Familia zikaenda Lamu mjini, Malindi, Mombasa. Nyumba zikabaki bila watu, na nyumba ya matumbawe isiyotiwa chokaa hainusuriki masika mengi. Kufikia katikati ya karne ya 20 magofu yalikuwa mengi.

Huu ndio mji waliouona wageni wa mwanzo. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967. Vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu wakaja Lamu miaka ile ya sitini na sabini, wengine wakilala juu ya mapaa, na baada yao wakaja wenye fedha. Mwaka 1986 Lamu mjini ulitangazwa kuwa urithi wa taifa, na mwaka 2001 ukaingia katika orodha ya UNESCO. Eneo lililoorodheshwa ni hekta 16 tu, nayo ni Lamu mjini, Shela haimo. Jina la urithi wa dunia limetuletea wageni, lakini ulinzi wake umeishia Lamu.

Tusiwe watovu wa shukrani. Magofu yaliyonunuliwa yalifufuliwa. Mafundi wetu wa chokaa na nakshi, ambao pengine wangekuwa makuli bandarini Mombasa, walipata kazi na wakafundisha vijana. Manahodha wakapata abiria, wavuvi wakapata pa kuuza kamba na samaki wa bei. Yapo madarasa na matibabu yaliyolipwa na wageni walioipenda Shela kwa dhati. Anayesema utalii haujatufaa kitu hajafungua daftari.

Lakini daftari lina kurasa mbili. Sisi wenye kazi ya hesabu tumefundishwa kutofautisha mapato na mali. Mapato hurudi kila msimu. Mali ukiiuza huingiza fedha mara moja, na mwaka unaofuata safu ile ni tupu. Shela imeuza nyumba na viwanja kwa miaka mingi na kuzihesabu fedha hizo kama mapato. Zimejenga nyumba nyingine, zimeozesha, zimepeleka watu Hija, zimesomesha. Hatumlaumu aliyeuza. Twataka tu ieleweke ni kwa nini huuzwa, kwa maana mara nyingi sababu si tamaa.

Chukua mfano wa mirathi. Baba amefariki na ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumni. Kinachobaki, thumni saba, mtoto wa kiume hupata mbili na binti hupata moja. Nyumba moja ya mawe sasa ina sehemu nane na wenyewe sita, wawili wako Mombasa, mmoja Jeddah. Hakuna anayeweza kulala katika thumni ya nyumba. Kuitia chokaa na kubadilisha boriti ni gharama ambayo aliye mbali haioni na aliye karibu haiwezi. Akitokea mnunuzi na fedha taslimu, kila mmoja anaona afadhali. Wakingoja kizazi cha pili, thumni nazo zitagawanywa, na kikao cha warithi kitahitaji ukumbi.

Kuna hasara isiyoandikwa katika hati ya mauzo. Desturi ya miji yetu ilikuwa binti akiolewa hupewa mahali katika nyumba ya wazazi wake, ghorofa yake au hata chumba chake, na mume ndiye anayehamia. Nyumba ilikuwa dhamana ya mwanamke. Akiachwa hakutoka yeye. Nyumba inapouzwa, fungu la binti ni thumni ya fedha, na fedha hizo hazijengi popote Shela kwa bei za leo. Waulizeni mabinti walioolewa miaka ya karibuni wanapanga wapi.

Na mapato yenyewe ya msimu si ya kutegemea peke yake. Septemba 2011 mgeni aliuawa na mkewe akatekwa Kiwayuu. Tarehe 1 Oktoba mwingine akachukuliwa Manda, ng'ambo yetu hapa. Nchi za Ulaya zikawaonya raia wao, hoteli zikanyamaza. Juni 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, watu zaidi ya 60, kisha kafyu, kisha marufuku ya kuvua usiku iliyodumu miaka. Hapo mvuvi na mhudumu wa hoteli walipigwa pamoja, na aliyebaki na mnazi na nyumba yake alikuwa na nafuu kuliko aliyebaki na mshahara uliosimama. Machi 2020 ndege za kimataifa zikasimamishwa hadi Agosti. Hata katika mwaka mwema, masika hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu.

Sasa tuje kwenye mchanga. Milima ya mchanga nyuma ya mji si pambo. Mvua huingia ndani yake na kukaa chini kama tabaka la maji matamu lililoelea juu ya maji ya bahari. Visima vilivyo nyuma ya Shela ndivyo vinavyolisha Lamu mjini pia. Ukivuta maji kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini. Ukijenga juu ya mchanga na kuchimba vyoo, uchafu hushuka ndani. Hotelini bwawa la kuogelea na bustani hunywa maji kila siku, kusi na kaskazi. Ndiyo maana migogoro ya viwanja katika milima ile si ugomvi wa majirani tu. Watu wa Takwa walikuwa na mahali pa kuvukia. Sisi tukivuka tunarudi Manda, ambako hakuna maji.

Wapo wanaosema kijiji hakiwezi kuzuia mradi wenye fedha. Kumbukumbu za karibu zasema vingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari mpya. Kulipwa ni habari nyingine, na rufaa ni habari nyingine, lakini hoja ilisikizwa. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wote hao walienda na karatasi mkononi.

Karatasi ndizo ambazo Shela imepungukiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, na muda usizidi miaka 99. Wangapi wetu waliouza walijua kwamba wangeweza kukodisha kwa miaka 20 au 30, nyumba ikarudi kwa wajukuu, na kodi ikawa mapato ya kila mwaka yanayogawanyika kwa mafungu bila kuvunja ukuta? Familia chache zimefanya hivyo. Njia ya wakfu nayo ipo, na wazee wetu waliijua kuliko sisi.

Kwa hiyo michango ya mwaka huu, baada ya karo za wanafunzi ambazo zina mfuko wake, kamati imeipangia kazi mbili. Ya kwanza ni kumlipa wakili na mpima ardhi wasaidie familia ambazo bado zina nyumba au kiwanja kuandika mirathi yao, kupata hati, na, wakitaka, kuandaa mkataba wa kukodisha. Msaada huu hautolewi kwa sharti la kutouza. Mali ni ya mwenyewe. Ya pili ni kupima chumvi ya visima mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kaskazi na baada ya masika, na kuweka vipimo hivyo kwa maandishi ili siku ya kikao cha maji tusiende na malalamiko matupu.

Mwenye nakala za hati za zamani, barua za kadhi au michoro ya viwanja iliyobaki sandukuni kwa marehemu, tafadhali alete nakala kwa katibu wa kamati, asilete hati yenyewe. Walio mbali wanaweza kutuma picha zinazosomeka. Hesabu za fedha zitasomwa mkutanoni kama kawaida, pamoja na risiti.