Kikulacho Ki Shingoni

Ukilifungua neno UKIMWI unapata Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwa Wakenya wengi waliozaliwa kuanzia miaka ya themanini, hilo ndilo lililokuwa somo la kwanza kuhusu kinga. Lilikuwa kwenye mabango, redioni, ukutani mwa zahanati na, kwa minong'ono, kwenye matanga. Kufikia Novemba 1999, serikali ilipotangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, kila mtu alikuwa ameelewa: kinga ni kama maji kwenye tangi. Yakijaa uko salama, yakipungua unaugua, yakiisha watu wanakuchangia jeneza.

Somo hilo liliokoa maisha. Lakini lilituachia picha moja tu ya kinga, na picha hiyo haimfai mtu ambaye ugonjwa wake ni kinga yenyewe.

Chukua mfano wa dada wa miaka 28 hapa Nairobi. Anachoka kabla siku haijaanza. Anaongeza kilo na chakula ni kilekile. Nywele zinakatika, hedhi imekuwa nzito, anavaa sweta Januari wakati wenzake wanatafuta kivuli. Kisha shingo inaanza kuvimba. Nyumbani wanamwambia hiyo ni goita, aongeze chumvi. Kazini wanamwambia ni stresi. Mtandaoni anauziwa unga wa mlonge wa "kupandisha kinga". Siku anapopimwa damu anaambiwa kinga yake inashambulia tezi yake mwenyewe, na hapo anauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kwa hivyo kinga yangu iko juu sana ama iko chini sana?

Sayansi ilichukua zaidi ya miaka mia moja kulijibu swali hilo. Kumbe tatizo lilikuwa kipimo chenyewe. Kinga haipimwi kama maji.

Tuanze na chumvi, kwa sababu ushauri wa nyumbani haukutoka hewani. Tezi ya thairoidi hukaa mbele ya shingo, chini kidogo ya koo, ikiwa na umbo la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani, na ili kuzitengeneza inahitaji madini ya iodini. Ikiyakosa, inavimba ikijaribu kukamata kila chembe inayopita. Huo uvimbe ndio kamusi huuita rovu na mtaani tunauita goita. Ulikuwa wa kawaida katika nyanda za juu, ambako udongo hauna iodini ya kutosha, na Kenya ikalazimisha chumvi itiwe iodini kuanzia 1978. Goita hiyo ilipungua, na ni jambo la kushukuru. Lakini angalia lilichotufundisha: ukivimba shingo, kuna kitu umepungukiwa. Upungufu tena.

Mwaka 1912, daktari mmoja wa upasuaji kutoka Japani alichapisha makala katika jarida la Kijerumani. Jina lake Hakaru Hashimoto, kijana wa miaka 31, na alikuwa amechunguza tezi zilizotolewa kwa wanawake wanne huko Fukuoka. Alipoziweka chini ya hadubini aliona kitu ambacho hakikuwa goita ya kawaida wala saratani. Tezi zilikuwa zimejaa chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, zimepanga kambi ndani ya nyama ya tezi kana kwamba kuna vita. Tatizo ni kwamba adui hakuonekana. Hakukuwa na bakteria, hakukuwa na kifua kikuu.

Hashimoto hakusema mwili unajishambulia. Asingeweza kusema, kwa sababu wakati huo wazo lenyewe lilikuwa kama limepigwa marufuku. Alieleza alichokiona, akaenda kusoma Ulaya, Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkatiza, akarudi kwao kuendesha kliniki ya familia. Alifariki 1934 kwa homa ya matumbo, ugonjwa ambao chanzo chake kinaonekana vizuri sana kwenye hadubini. Ugonjwa wenye jina lake ulikaa miaka mingine 22 bila maelezo.

Aliyefunga mlango alikuwa Paul Ehrlich, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa Ujerumani, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1908. Mwanzoni mwa karne, Ehrlich aliona kwamba mbuzi akidungwa damu ya mbuzi mwingine hutengeneza kingamwili dhidi yake, lakini akidungwa damu yake mwenyewe hafanyi hivyo. Akahitimisha kwamba mwili una njia ya kujizuia usijidhuru, na hali hiyo akaipa jina la Kilatini, horror autotoxicus, yaani hofu ya kujitia sumu. Ehrlich alikuwa anasema kuna breki. Wafuasi wake wakasikia kwamba gari haliwezi kugonga. Kwa karibu nusu karne, mtu akisema kinga inaweza kumgeukia mwenyewe, alionekana hajasoma.

Kisha ukaja mwaka 1956, na kila kitu kikatokea kwa mpigo.

Jijini Buffalo, Marekani, mtafiti kijana Noel Rose alikuwa akifanya kazi chini ya Ernest Witebsky. Witebsky alikuwa mwanafunzi wa mtu aliyefanya kazi na Ehrlich mwenyewe, kwa hivyo imani ile aliirithi kama mtu anavyorithi shamba. Rose aliwadunga sungura dondoo la tezi za sungura, likiwa limechanganywa na kichocheo cha kinga. Sungura wakatengeneza kingamwili dhidi ya tezi za aina yao. Tezi zilipochunguzwa zilikuwa zimejaa chembe nyeupe, karibu sana na kile Hashimoto alichochora. Witebsky hakuamini haraka. Walirudia na kurudia majaribio kabla ya kuchapisha.

London, mwaka huohuo, Deborah Doniach alikuwa ameona jambo la ajabu kwa wagonjwa wa Hashimoto: damu yao ilikuwa na protini nyingi za aina ya kingamwili, na baada ya tezi kutolewa protini hizo zilishuka. Yeye na Ivan Roitt wakachanganya damu ya wagonjwa na dondoo la tezi ya binadamu, na mstari mweupe ukajitokeza pale viwili vilipokutana. Damu ya mgonjwa ilikuwa inakamata tezi. Huko Dunedin, New Zealand, Duncan Adams na Herbert Purves nao wakakuta katika damu ya watu wenye ugonjwa wa Graves kitu kinachoichochea tezi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Baadaye ilithibitika kwamba hicho nacho ni kingamwili. Graves ni ndugu wa Hashimoto anayefanya kinyume: tezi haifi, inasukumwa ifanye kazi kupita kiasi, moyo unakimbia, mikono inatetemeka, mwili unakonda, na wengine macho yanatokeza.

Kwa hiyo swali likaonekana limejibiwa. Kinga iko juu sana. Ni askari wakali kupita kiasi.

Lakini ushahidi wa kupinga jibu hilo ulikuwa umeshaanza kukusanyika. Mwaka 1952, Ogden Bruton, daktari wa jeshi la Marekani, alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyekuwa akiugua maambukizi mazito tena na tena. Bruton alipopima damu yake hakukuta kingamwili. Huo ulikuwa upungufu wa kinga wa kuzaliwa nao, miongo mitatu kabla ya UKIMWI kupata jina. Madaktari walipozidi kuwatambua watu wa namna hii, wenye upungufu wa aina mbalimbali, wakaona jambo ambalo hesabu ya tangi haiwezi kueleza. Wengi wao walikuwa pia na magonjwa ya kinga kujishambulia. Katika aina moja ambayo kingamwili hupungua mtu akiwa tayari mkubwa, takriban robo ya wagonjwa hupata tatizo kama hilo, mara nyingi kwenye damu na wakati mwingine kwenye tezi ya thairoidi. Hata upungufu mdogo unaojulikana kuliko wote, ule wa kingamwili za aina ya IgA, ambao wengi huishi nao bila kujua, huandamana na magonjwa ya tezi mara nyingi kuliko inavyotarajiwa.

Inakuwaje askari wachache wapige watu wengi?

Jibu lilianzia kwa panya. Mwaka 1969, watafiti wa Japani waliondoa tezi ya thaimasi kwa panya wachanga wa siku tatu. Thaimasi ndiyo shule ya chembe za kinga ziitwazo seli T, kwa hivyo ungetarajia kinga dhaifu tu. Badala yake ovari za panya zikaharibiwa na kinga yao wenyewe. Mwaka 1973, kundi la Edinburgh likaondoa thaimasi za panya na kuwapiga mionzi, yaani likawapunguzia seli T makusudi, na panya wakapata ugonjwa wa tezi unaofanana na wa Hashimoto. Walipowarudishia seli kutoka kwa panya wazima, ugonjwa ukazuilika.

Soma hapo tena polepole. Walipunguza kinga, tezi ikashambuliwa. Waliongeza kinga, tezi ikapona shambulio.

Maana yake ni kwamba miongoni mwa chembe za kinga kuna zile ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambua mwaka 1995. Mwaka 2001, kundi la Mary Brunkow na Fred Ramsdell huko Marekani lilipata jeni inayohusika, FOXP3. Wavulana wanaozaliwa na jeni hiyo ikiwa mbovu hupata kisukari, kuhara kusikoisha, ngozi kuwasha na, kwa wengi, ugonjwa wa tezi. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya 2025. Kati ya ugunduzi huo, mwaka 1997, jeni nyingine iitwayo AIRE ilipatikana. Hii hufundisha seli T kutambua viungo vya mwili zikiwa bado shuleni. Ikiharibika, mtu hupata magonjwa ya tezi za homoni na fangasi wasioisha mdomoni, kwa pamoja. Mwaka 2010 ilionekana kwa nini: kinga ya mgonjwa hutengeneza kingamwili dhidi ya silaha zake zenyewe za kupigana na fangasi. Kujishambulia kumezaa upungufu.

Fikiria soja wa geti la ploti. Ukimwajiri bila kumwonyesha wapangaji, usiku mmoja atampiga rungu mama wa namba nne na kumfungulia mwizi geti. Hutauliza kama ana nguvu nyingi ama chache. Utauliza nani alimfundisha kazi, na nani anamsimamia.

Sasa rudi kwenye UKIMWI, maana historia hii inatugusa hapo. Kuanzia 1996, mchanganyiko wa dawa za ARV ulianza kurudisha uhai wa watu waliokuwa wamekata tamaa. Muda si mrefu madaktari Ulaya wakaripoti wagonjwa wachache waliopata Graves, si wakati CD4 zikiwa chini, bali mwaka mmoja hadi mitatu baada ya dawa, zikiwa zinapanda. Mwaka 1999, watafiti wa Cambridge waliripoti kitu kinachofanana kwa watu wasio na virusi: kati ya wagonjwa 27 waliofutwa seli T kwa dawa ili kutibu ugonjwa wa neva, 9 walipata Graves seli zilipokuwa zinarudi. Jeshi linapoajiriwa upya kwa haraka, wasimamizi huenda wasitoshe.

Hili si tishio kwa mtu anayemeza ARV. Tatizo hilo ni nadra, linatibika, na dawa hazistahili kuachwa hata siku moja kwa sababu yake. Lakini mtu aliyepona vizuri kisha akaanza kukonda na kutetemeka anastahili kipimo cha tezi, badala ya kijiji kuamua kwamba "imerudi". Vivyo hivyo, watu wengi sana wenye Hashimoto hawana upungufu wowote wa kinga. Wachache wenye nimonia au maambukizi ya sikio yasiyokwisha juu ya ugonjwa wa tezi ndio wanaostahili kuangaliwa zaidi.

Na yule dada wa sweta? Dawa yake ina historia ndefu kuliko ugonjwa wake. Mwaka 1891, George Murray wa Newcastle alimdunga mama wa miaka 46 dondoo la tezi ya kondoo, na mama huyo akaishi hadi miaka 74. Leo ni kidonge cha asubuhi chenye homoni ileile. Kidonge hakiitulizi kinga. Kinajaza pengo la kile tezi ilichoshindwa kutengeneza. Chumvi ya ziada haifanyi kazi hiyo, na iodini nyingi mno inaweza hata kuichokoza tezi ambayo tayari inashambuliwa. Mlonge ni mboga nzuri, upikwe na kuliwa.

Kiswahili kilitupa neno la upungufu wakati tulipolihitaji kwa dharura. Neno la kinga iliyopotea njia bado hatujakubaliana. Wengine husema kinga kujishambulia, wengine hukaa kimya kwa sababu ni vigumu kumweleza shosho kwamba huna virusi, hujarogwa, hujakosa chumvi. Kila mwaka kuna watu wanaokaa na shingo iliyovimba kwa sababu kila neno walilonalo linaashiria aibu au ukosefu. Kipimo chenyewe ni damu kidogo tu: kiwango cha TSH kwanza, na kingamwili za tezi ikihitajika. Jina la ugonjwa tutaendelea kubishania.