Msafiri wa matibabu India: pahala pa kulala, chakula cha halali na amana ya michango

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Ali zake na Sahaba zake.

Ni chache siku hizi familia za Unguja na Pemba ambazo hazijamsindikiza mgonjwa wake India, ama kwa rufaa ya Hospitali ya Mnazi Mmoja, ama kwa fedha za ndugu na majirani. Kabla ya safari maswali yanayotufikia huwa juu ya daktari na gharama ya upasuaji. Baada ya kufika yanageuka: tulale wapi, tule nini, tuswali vipi, na fedha hizi mbona zinakwisha kabla ya tiba? Makala hii ni ya maswali hayo ya pili.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui mpaka wafike ni kwamba siku za kulazwa wodini ni chache kuliko siku za kukaa nje. Mgonjwa anasubiri majibu ya vipimo, anasubiri zamu ya upasuaji, kisha anasubiri kidonda kikauke na daktari amruhusu kupanda ndege. Siku zote hizo yeye na muuguzaji wake wanalipia chumba na chakula. Kwa hiyo atakayekosea kuchagua nyumba atakula fedha ya dawa bila ya kujua.

Tutachukua mji wa Chennai, ule uliokuwa ukiitwa Madras, kwani watu wetu wengi hupelekwa huko.

Kwanza neno lenyewe. Sisi tukisema "hoteli" huweza kuwa nyumba ya kulala au pahala pa kula, na kwa bahati watu wa Tamil Nadu nao wana mazoea hayohayo: maduka mengi ya chakula yameandikwa "Hotel" mlangoni na hayana hata kitanda kimoja. Nyumba ya kulala ya bei nafuu huandikwa "Lodge" au "Guest House". Mgeni aliyechoka na safari, ana mgonjwa mkononi, asimwambie dereva wa bajaji "nipeleke hoteli" tu, bali ataje nyumba anayokwenda na mtaa wake.

Jengine ni kuwa si kila gesti inapokea wageni wa nje. Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba kuandikisha kila mgeni wa nje kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Fomu C ndani ya saa 24 tangu afike. Gesti ndogo ambazo hazijajiunga na utaratibu huo hukataa pasipoti za kigeni, au humchukua mtu kimyakimya, na matatizo yakija ni ya mgonjwa. Swali la kwanza kwa simu, kabla ya kutuma arbuni, liwe: mnapokea wageni wa nje na mnajaza Fomu C? Akisitasita, tafuteni pengine. Viza nayo iwe ya matibabu, na wauguzaji (wanaruhusiwa wasiozidi wawili kwa mgonjwa mmoja) wawe na viza yao ya kumsindikiza mgonjwa. Kuingia kwa viza ya utalii huku umekwenda kutibiwa ni kusema uongo kwenye ahadi ya maandishi, na Muislamu ametakiwa atimize mapatano yake hata na asiyekuwa Muislamu.

Hospitali ya Apollo iliyo maarufu kwa watu wetu ipo eneo la Greams Road. Vichochoro vya karibu yake vina gesti nyingi za wagonjwa, na faida yake ni kwamba mtu aliyepasuliwa anarudi kufungwa kidonda bila ya safari. Upande wa mashariki, mwendo mfupi wa bajaji, kuna mtaa wa Triplicane, ambao ni mtaa wa Waislamu tangu zama za Manawabu wa Arcot. Hapo ndipo ulipo Msikiti Mkubwa wa Wallajah, uliojengwa 1795, na kandokando yake mna maduka ya nyama ya halali, migahawa ya biriani na gesti za kawaida. Msikiti mrefu wenye minara unaouona karibu na Greams Road, uitwao Thousand Lights, ni wa ndugu wa madhehebu ya Shia. Tunalitaja hilo kwa sababu tunaulizwa.

Baina ya mitaa hii miwili tunashauri hivi: mgonjwa ambaye hawezi kutembea akae karibu na hospitali hata kama chumba kina bei zaidi, na chakula kifuatwe Triplicane. Anayejiweza akae Triplicane. Na mgonjwa akishalazwa, ulizeni kwanza kama chumba chake cha hospitali kina kitanda cha muuguzaji. Mara nyingi kinacho. Basi hakuna maana ya kuendelea kulipia chumba cha watu watatu huko nje wakati ndani mna mtu mmoja na mabegi.

Chumba chenyewe kitazamwe kabla ya kulipa. Kama mgonjwa ni wa goti, nyonga au moyo, lazima kuwe na lifti inayofanya kazi siku hiyo, si iliyoandikwa kwenye tangazo, na choo kiwe cha kukaa. Maji yawepo saa zote. Lakini kitu kimoja tunakiweka mbele ya vyote: jiko. Ziko gesti zinazokodisha chumba chenye jiko dogo na sufuria zake, kwa wiki au kwa mwezi, na bei ya mwezi haiwi sawa na ya siku 30 zilizohesabiwa mojamoja. Mama akiweza kupika uji, wali mweupe na mchuzi wa samaki usio na pilipili, mgonjwa anakula, halali imehakikishwa na fedha imebaki. Chakula cha Chennai ni kikali. Mgonjwa aliyetoka kwenye upasuaji wa tumbo hakiwezi, na wengi wamedhoofika kwa kukosa kula wala si kwa maradhi.

Sasa suala la nyama. Asili ya nyama ni kuwa haramu mpaka ijulikane imechinjwa na Muislamu au Ahlul Kitabu kwa kuchinja kunakokubalika. Miongoni mwa wachinjaji wa India wamo wasiokuwa Waislamu wala Ahlul Kitabu, kwa hiyo hatuwezi kusema "tumepiga Bismillahi tukala". Hata kwenye hospitali za Kikristo, kama ile ya CMC mjini Vellore, hukumu haifuati jina la hospitali bali mtu aliyechinja. Duka au mgahawa wa Muislamu unaojulikana ni salama, na huna haja ya kumhoji mwenyewe mpaka umuudhi. Asili ya Muislamu ni kuaminiwa. Kwa anayekwenda Delhi ajue neno "jhatka": likiandikwa dukani maana yake mnyama amekatwa kichwa kwa pigo moja, na nyama hiyo si yetu.

Tunaulizwa: je, mgonjwa akikosa nyama ya halali si atakuwa na dharura? Jawabu ni hapana, na katika India jawabu hilo ni jepesi zaidi kuliko nchi nyingine. Dharura iliyotajwa katika Suratul Baqara na Suratul Maida ni ya mtu anayekhofia nafsi yake na hana kingine. Chennai ni mji wa pwani, samaki wamejaa, na samaki hana haja ya kuchinjwa. Mayai yapo, maziwa, mtindi na dengu za kila aina. Daktari akisema mgonjwa ale vyakula vya kujenga mwili, vyote hivyo vinajenga. Samaki na mayai ya mgahawani yatizamwe jambo moja tu, kwamba hayakukaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa nyama isiyo halali.

Neema kubwa ni migahawa ya mboga tupu, ambayo imejaa kila mtaa na huandikwa "Pure Veg". Humo haingii nyama kabisa. Wana idli, mithili ya vitumbua vilivyopikwa kwa mvuke, na dosa, ambayo ni kama chapati ya maji ya unga wa mchele na dengu. Unga wake umechachuliwa kama tunavyochachua mkate wa kumimina, na hakuna tatizo ndani yake. Idli bila ya mchuzi mkali ni chakula kizuri cha mgonjwa. Vyakula vya pakiti navyo vina alama kwa sheria ya huko: nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani ni visivyo na nyama, na alama ya rangi ya hudhurungi ni vyenye nyama, samaki au mayai. Alama ya kijani haisemi chochote juu ya ulevi, kwa hivyo keki na chokoleti zisomwe maandishi yake. Hospitalini, mwambieni mtaalamu wa lishe siku ya kwanza kwamba mgonjwa apewe chakula cha mboga, na liandikwe kwenye faili.

Jirani wa wodini anaweza kukuletea vitamu vilivyotoka hekaluni, huitwa prasadam. Ni ukarimu, naye hakusudii ubaya. Vimetolewa kwa masanamu, basi pokea maneno yake kwa uso mkunjufu, muombe radhi kwamba dini yako haikuruhusu, wala usimvunjie heshima. Ama hoteli kubwa zenye baa, kulala ndani yake si haramu kwa mwenye haja, lakini kukaa kwenye meza inayonywewa ulevi kumekatazwa, na kama zipo nyingine basi kwa nini tujitie humo?

Kuhusu swala. Visiwani petu kibla ni kaskazini, na tumezoea hivyo tangu utotoni. Chennai kibla ni magharibi kwa kuelemea kidogo kaskazini. Mumbai na Delhi pia ni magharibi. Ulizeni mapokezi upande wa magharibi mara mnapoingia chumbani. Misikiti mingi ya Triplicane ni ya Mahanafi, na wao huadhini Alasiri baadaye kuliko sisi, basi usidhani wakati haujaingia kwa kuwa hukusikia adhana. Misikiti mingi pia haina sehemu ya wanawake. Mama zetu wahakikishe chumba kina nafasi ya msala.

Kupunguza swala ndiko kunakokosewa zaidi. Katika madhhab yetu ya Shafi, mwenye kunuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, amekuwa kama mkaazi: anaswali kamili tangu anapofika na hakusanyi kwa sababu ya safari. Mgonjwa aliyeambiwa upasuaji ni baada ya siku kumi ameshakuwa katika hukumu hii. Lakini aliyeambiwa "majibu kesho au keshokutwa, kisha mtaondoka", ikawa kesho haifiki, huyo anaweza kupunguza mpaka siku 18. Imamu wa huko akikwambia siku 15, anakupa kauli ya Hanafi. Na kukusanya kwa sababu ya maradhi yenyewe, ingawa si kauli mashuhuri katika madhhab, Imamu Nawawi ameipa nguvu, na Mahanbali wameruhusu. Anayeingia chumba cha upasuaji adhuhuri na kutarajiwa kuzinduka usiku, akusanye Adhuhuri na Alasiri kabla ya kuingia, wala asiache swala ipite.

Kwa miji mingine tuseme kwa ufupi. Mumbai, mtaa wa Mohammed Ali Road una chakula cha halali cha kutosha, ila hospitali ya saratani ya Tata Memorial iko Parel, mwendo kidogo. Delhi, wanaotibiwa Apollo ya Sarita Vihar wana mitaa ya Waislamu ya Jamia Nagar na Okhla karibu yao. Hyderabad ndiyo nyepesi kuliko zote kwa chakula.

Yamebaki ya fedha. Mawakala wengine humpokea mgonjwa uwanja wa ndege, wakampeleka gesti waliyokwisha kupatana nayo, wakapewa ujira na gesti na wakapewa na mgonjwa. Wakala uliyemlipa akutafutie nyumba ni muaminiwa wako. Akichukua cha upande wa pili bila ya kukwambia, amekhini. Muulizeni waziwazi kabla: unapata chochote kwa mwenye nyumba? Akisema ndiyo na mkaridhia, hakuna ubaya.

Na michango ya ndugu na waumini ni nzito zaidi. Mafaqihi wetu wametaja kwamba mtu akipewa dirhamu aambiwe "nunua kilemba", na mtoaji akawa kweli amekusudia kilemba, basi haifai kuitumia kwa kingine. Fedha iliyochangwa kwa ajili ya moyo wa mtoto haiwi sari za kuuzia Darajani wala safari ya kutembelea Agra. Chakula na chumba cha mgonjwa na muuguzaji ni katika matibabu, hivyo vimo, kwa kiasi cha kawaida. Muuguzaji wa pili asiyehitajika hayumo. Wekeni daftari na stakabadhi. Zikibaki fedha, au mgonjwa akifariki kabla ya kutibiwa, hazigeuki mirathi: waliotoa wakijulikana warejeshewe au waombwe ruhusa zipewe mgonjwa mwengine, na wasipojulikana zipelekwe kwa mgonjwa mwenye haja kama ile ile.

Wallahu a'lam.