Runinga ya Elimu na Watoto wa Awali: Kutoka Pwani hadi Tabora

Runinga ya elimu ilifuata njia ya zamani: kutoka pwani kwenda bara. Katika karne ya 19, misafara ilitoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Reli ikafika Tabora mwaka 1912. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Katika kipindi hicho chote, redio ndiyo iliyobeba masomo ya hewani hadi Unyamwezi, eneo la Tabora.

Sera ya Elimu ya 1995 ilitambua elimu ya awali. Baadaye kikaja kipindi cha watoto cha Kilimani Sesame, kilichotokana na kipindi cha Sesame Street cha Marekani cha mwaka 1969, kikitumia televisheni, redio na vitabu kufundisha herufi, namba na kinga ya malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa watoto waliokifuatilia zaidi, wa mjini na wa vijijini, walijifunza zaidi. Shirika la Ubongo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, liliongeza kipindi cha Akili and Me kwa watoto wa miaka 3 hadi 6.

Hata hivyo, mahali pasipo na umeme, nguzo za malezi hubaki kuwa redio, mzazi na mwalimu.