Historia ya Lori Letu na Injini Yake ya Pili

Katika miaka hii kumi ya Umoja wetu, hakuna chombo kilichotufunza kwa gharama kubwa kuliko lori letu. Tumeona ni haki tuiandike habari yake, ili watakaotufuata wasilirudie kosa letu.

Katika mwaka wa tatu injini ya lori ilikufa, na mananasi ya wanachama wa Kerege yalikuwa yameiva. Tulinunua injini kuukuu ya dizeli, tukashauriwa kuifungia giaboksi ya otomatiki iliyotoka katika gari la petroli, ili dereva apumzike na klachi katika msongamano wa Tegeta na Mwenge. Bei ilikuwa nafuu. Sisi wa Kamati tukakubali bila kuuliza.

Giaboksi ya namna hiyo haikuzaliwa jana. Mwaka 1905 Hermann Föttinger wa Ujerumani alibuni njia ya kupitisha nguvu za mashine ya meli katika mafuta, baina ya magurudumu mawili yenye mapanga. Kampuni ya General Motors ya Marekani ikaanza kuuza magari ya otomatiki mwishoni mwa miaka ya 1930. Lakini kila giaboksi hupimwa kwa injini yake. Ile yetu ilingoja mzunguko wa kasi, ilhali dizeli huvuta kwa mzunguko wa polepole. Tena ilitegemea mvuto wa hewa wa injini ya petroli kujua dereva amekanyaga mafuta kiasi gani; dizeli haina mvuto huo. Basi gia ya juu haikuingia, mafuta ya giaboksi yakachemka, na lori likasimama Mapinga likiwa na shehena. Mananasi yakaoza.

Nchi yetu ilikwisha kuonywa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga huko Kongwa, ikaleta hata matrekta yaliyoundwa kwa vyuma vya vifaru vya vita. Mashine zilikuwa na nguvu, lakini udongo mkavu ulizishinda. Mpango uliachwa mwaka 1951, na takriban paundi milioni 36 zikapotea.

Katika Mkutano Mkuu tulikiri kosa. Wanachama, kwa uungwana wao, waliliacha gawio la mwaka ule ili itafutwe giaboksi iliyotoka kiwandani pamoja na injini kama yetu. Safari hii tulipima kwanza: matundu ya bolti, nguvu ya msokoto, ukomo wa mzunguko, na rejeta ya kupoza mafuta. Lori lingali likifanya kazi hadi leo.

Daftari la vipimo hivyo limo ofisini. Tunawasihi viongozi wajao walisome kabla ya kutia saini, kwa maana fedha watakazotumia si zao, ni jasho la mkulima.