Faili ya Kuua

Kabla ya algoriti kukuchagulia cha kusoma, kulikuwa na Usenet. Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa chuo cha Duke, Marekani, waliibuni 1979: kompyuta zikipigiana simu usiku na kupeana ujumbe, bila bosi. Sasa kama hakuna bosi, nani atamnyamazisha msumbufu? Mwaka wa 1984 Larry Wall alitoa rn, programu ya kusoma Usenet yenye "faili ya kuua". Unaandika jina au mada, na kwako inapotea. Kwa wengine jamaa bado anapiga kelele.

2019, Gab ilipohamia programu ya Mastodon, seva nyingi ziliifungia mlango. Hapo aliyeamua ni mwenye seva, si msomaji. Mimi napendelea faili ya Wall, ingawa ukimzima anayekusengenya, mtaa mzima unasoma isipokuwa wewe.