Ndovu wa Ruaraka na Nembo za Bia Zetu

Kwenye vibaraza vya mijini drafti huchezwa kwa vizibo vya bia. Mmoja anachukua vilivyolala kifudifudi, mwenzake vilivyolala chali, na kete ikishafika mwisho wa ubao inabebeshwa nyingine mgongoni ikawa kingi. Wapo wachezaji ambao hawajawahi kuonja tone la pombe, wengine kwa dini, wengine kwa hiari yao, lakini muulize yeyote kizibo hiki ni cha bia gani, atakujibu bila kuinua macho.

Kuilinda nembo ya bia kwa sheria ni jambo la zamani. Sheria ya Uingereza ya kusajili alama za biashara ilipoanza kazi tarehe 1 Januari 1876, alama namba 1 katika daftari ilikuwa pembetatu nyekundu ya Bass, kiwanda cha Burton upon Trent. Miaka 6 baadaye mchoraji Mfaransa Édouard Manet alichora baa ya Folies-Bergère mjini Paris, na chupa zenye pembetatu ile zikaonekana wazi juu ya kaunta. Bass hawakuhitaji mnyama wala mlima. Umbo moja na rangi moja vilitosha kumwonyesha mnywaji bia yake akiwa upande wa pili wa chumba.

Kwetu mambo yalianzia porini. Mwaka 1922 ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries huko Ruaraka, nje ya Nairobi ya wakati ule. Desemba mwaka huohuo kreti 10 za kwanza zilipelekwa Hoteli ya Stanley. Mwaka 1923 George alikwenda kuwinda, ndovu akamuua. Kampuni husimulia kwamba jina la bia yake, Tusker, ambalo wawindaji humwitia ndovu dume mwenye pembe kubwa, lilitolewa kwa kumbukumbu yake. Ni kumbukumbu ya aina yake: marehemu hayumo kwenye lebo, aliyemuua yumo.

Hapo ndipo msomaji wa historia anapaswa kusimama kidogo. Ndovu yule ni ndovu wa mlowezi mwenye bunduki. Nchi ilikuwa na pombe zake karne nyingi kabla ya Ruaraka, nazo zilikuwa na vyombo vyake: mtungi wa busaa uliozungukwa na wazee wenye mirija mirefu, kibuyu cha muratina, mbege ya Wachaga ya ndizi na ulezi. Mchoraji wa lebo angeambiwa awaulize wanywaji wenyewe, naamini tungepata mrija au kibuyu kwenye chupa. Hakuwa na sababu ya kuwauliza. Sheria za kikoloni nchini Kenya zilimzuia Mwafrika kunywa bia ya chupa mpaka miaka ya mwisho ya 1940, kwa hiyo kwa takriban robo karne lebo ile ilizungumza na wazungu.

Kizuizi kilipoondolewa, soko likageuka, na ndovu akapata kazi mpya. Wateja wengi wapya hawakusoma Kiingereza, na wengine hawakusoma kabisa. Mtu hakuhitaji kulitamka neno Tusker. Kunyoosha kidole kwenye picha kulitosha. Naona hapa ndipo umiliki wa ile nembo ulipohama, hata kama hati za kampuni hazikubadilika.

Ufundi wenyewe ulimsaidia. Chupa ya nusu lita hurudi kiwandani na kutumika tena na tena. Lebo yake haina budi kushika inapolowa majimaji ya jokofu, kisha itoke chupa ikioshwa kwa maji moto yenye magadi makali. Karatasi ya namna hiyo, ikichapishwa kwa mamilioni, haipendi madoido. Nembo inatakiwa pia kuenea kwenye kizibo chenye upana wa kama sentimita 3. Ukimchora ndovu na mikunjo yote ya ngozi yake, hapo anageuka doa. Yanayobaki ni masikio, mkonga na pembe, meusi juu ya manjano, rangi mbili zinazoonekana hata kwenye baa yenye taa moja ya kusuasua.

Wengine walishika njia hiyohiyo. Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya mtaani, kuna Simba na kuna Tembo, zote za kiwanda cha Brasimba. Tanzania ina Ndovu. Uganda kuna kichekesho kidogo: bandari ya Port Bell ilipewa jina la gavana Hesketh Bell, bia ya Bell ikachukua jina la bandari, na mchoraji akamalizia kwa kuchora kengele, yaani bell kwa Kiingereza. Milima nayo haikusahauliwa: White Cap ilijivika kilele cha Mlima Kenya, na Kilimanjaro ikaingia sokoni mwaka 1996, baada ya Tanzania Breweries kubinafsishwa.

Mtihani mkubwa wa ndovu ulikuja mwaka 1998, Waafrika Kusini walipofungua kiwanda cha bia yao ya Castle, yaani ngome, mjini Thika. Hapo Tusker ikavaa bendera. Kaulimbiu ya "Bia yangu, nchi yangu" ilimfanya mnywaji aone kwamba kuagiza ngome badala ya ndovu ni kama kuisaliti nyumba yake, ingawa kampuni mama ya Tusker nayo ilikuja kuwa chini ya Diageo ya London. Mwaka 2002 Thika ilifungwa kwa mapatano: Kenya ikaachiwa wa Ruaraka, na kiwanda chao cha Kibo cha Moshi kikaingia mikononi mwa Tanzania Breweries, iliyokuwa chini ya Waafrika Kusini hao. Waliopatana ni wakurugenzi, lakini mitaani ilisemwa ndovu ameshinda.

Ndovu huyo amepata hata miguu ya kukimbilia. Timu ya mpira ya Kenya Breweries leo ni Tusker FC, na magazeti ya michezo huwaita wachezaji wake wanamvinyo, ingawa kiwandani kwao hakutengenezwi mvinyo.

Anayetaka kubuni mnyama wa bia siku hizi ana sheria ya kusoma kwanza. Sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, inadai maonyo ya afya kwenye kifungashio na kukataza kuwavutia watoto. Kikatuni chenye macho makubwa na tabasamu, ambacho mchoraji wa sabuni angekitoa haraka, kwa bia ni hatari, na onyo nalo linakula nafasi ya picha. Baadhi ya viwanda vidogo vya Nairobi vimeachana na wanyama wa mwindaji. Kimoja kinajiita 254, msimbo wa simu wa Kenya, tarakimu tatu ambazo kila mwenye simu anazijua na ambazo zinaenea kwenye kizibo bila shida.