Kinga ya meno: ilianzia wapi, na je, inaziba pumzi? (Sehemu ya 3)

Jana mmoja wenu kaniuliza: "Nesi, ile kinga ya meno si inakata pumzi?" Tuanzie mbali kidogo.

London, miaka ya 1890. Daktari wa meno Woolf Krause aliwawekea mabondia vipande vya gutapacha, utomvu mgumu wa mti, kwenye meno ya mbele ili midomo isichanike. Baadaye mwanawe Philip akaiboresha, na bondia Ted "Kid" Lewis akapanda nayo ulingoni. Wapinzani wakalalamika.

Halafu ikafika 1927, Marekani. Mike McTigue akizichapa na Jack Sharkey, jino lililovunjika likamchana mdomo vibaya, akapoteza pambano. Baada ya hapo kinga ikaanza kukubalika.

Sasa pumzi. Kinga iliyokukaa vizuri haikusumbui sana. Tatizo ni ile iliyolegea: unaing'ata isidondoke, mdomo unafumba, hewa haipiti vizuri, mate yanajaa. Mwishowe unaitoa, na hapo ndipo kiwiko kinakukuta.

Kwa hiyo usiitupe, ibadilishe. Daktari wa meno akikupima, atakutengenezea inayokutosha. Tuonane sehemu ya 4.